Mwanza mpaka Margherita: Rwenzori kwa basi, teksi za Uganda na gambuti

IJUMAA, Mwanza – Bukoba

Tumetoka Mwanza alfajiri watu watatu, mimi, dada mmoja tunayefanya naye kazi ambaye kwao ni Muleba, na shemeji yangu wa Moshi. Huyu shemeji ndo mtu wa mlima, alianza kama mgumu, yaani mbebaji, akibeba mizigo ya wageni njia ya Machame kule Kilimanjaro, sasa hivi anaongoza mwenyewe, na Rwenzori, ile milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo, alishawahi kufika mara moja huko nyuma, ndo maana tulimng'ang'ania mpaka akaomba ruhusa. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa kwa hiyo ile habari ya kukaa foleni ya kivuko haipo, unapita tu juu unaangalia ziwa, Geita hiyo, mchana mrefu tu kwenye basi, na sisi muda wote huo tulikuwa tunapiga hesabu.

Kwanza nijibu lile swali ambalo kila mtu ameniuliza: kwa nini uende kupanda mlima Uganda wakati Kilimanjaro iko kwako? Jibu ni kwamba nilitaka mlima wa nje ya nchi ambao hauhitaji ndege wala viza. Sisi wa Afrika Mashariki Uganda tunaingia bure, unapanda basi na pasipoti yako mfukoni, na hifadhini kiingilio chetu kinahesabiwa kwa shilingi za Uganda, sio zile dola za mgeni wa Ulaya. Ila hiyo hupewi kama hujasema, kwa hiyo ukiandika kuomba bei, mstari wa kwanza kabisa sema wewe ni raia wa Tanzania au Kenya na ambatanisha picha ya pasipoti, la sivyo utatumiwa bei ya mzungu uogope uache safari.

Halafu omba bei iliyochambuliwa. Kiingilio cha hifadhi kwa siku, mwongozaji, wabebaji, vibanda vya kulala, chakula, kukodi vifaa vya barafu, usafiri wa kutoka Kasese, kila kimoja mstari wake. Kampuni ikikupa namba moja nzima bila mchanganuo uliza tena, na wakikwepa tafuta wengine.

Mambo mengine tuliyamaliza wiki kadhaa kabla. Pasipoti (usiende na kitambulisho cha NIDA ukidhani kinatosha kwa sababu umesikia Wakenya wanavuka na chao, sisi tunahitaji pasipoti au ile hati ya dharura ya Uhamiaji). Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Bima ya safari, na hapa soma yale maandishi madogo maana bima nyingi zina kikomo cha urefu, ukipita mita kadhaa uko peke yako, na tunakokwenda, kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote Rwenzori, ni mita 5,109.

Na hiyo namba inadanganya watu. Mtu aliyefika Uhuru, 5,895, akisikia 5,109 anaona kateremka daraja. Shemeji kwenye basi alikuwa anarudia hilohilo mpaka konda akamcheka: kule urefu sio habari, habari ni maji. Panga safari yako yote kwa kufikiria maji.

JUMAMOSI, Bukoba – Mutukula – Mbarara

Asubuhi tumepanda Noah mpaka Mutukula, tukapita Kyaka pale kwenye daraja la mto Kagera, lile ambalo majeshi ya Amin yalilivunja 1978, wazee wa huku ukiwapa nafasi watakusimulia mpaka kesho.

Mutukula ni kituo kimoja cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo lilelile, haichukui muda kama huna makuu. Kadi ya njano waliiangalia kweli. Hela badilisha kidogo tu pale mpakani ya nauli na chakula, kwenye duka sio kwa vijana wa barabarani, na zihesabu mwenyewe kabla hujaachia zako, maana shilingi yao ni ndogo kuliko yetu unapewa bunda nene unajiona tajiri kumbe umepunjwa. Laini ya simu nunua ya Uganda, utasajiliwa kwa pasipoti.

Halafu uelewe lugha ya usafiri. Kule ukisema teksi wanaelewa hiace, ile yenye mistari ya bluu, na haiondoki mpaka ijae. Mutukula–Masaka moja, Masaka–Mbarara nyingine, na kila mahali unasubiri watu wajae huku unauziwa mahindi, maji, soksi, muhogo, na rolex, ambayo ni chapati imeviringishiwa mayai na kabichi na nyanya, nimekula nyingi na sijutii. Usipange kwenye ratiba kwamba utatoka Bukoba ufike Kasese siku hiyohiyo, inawezekana lakini utafika usiku wa manane umechoka kabla hata hujaanza. Sisi tumelala Mbarara.

Mbarara dada wa Muleba ndo aling'aa. Kihaya na Kinyankole ni ndugu, akiongea taratibu wanamwelewa na yeye anawaelewa, basi chumba akapunguziwa, chakula kikaongezwa, mimi na shemeji tumekaa pembeni kama mizigo.

JUMAPILI, Mbarara – Kasese

Hii barabara ni nzuri jamani. Unapita Ishaka, unateremka lile bonde la Rubirizi, maziwa madogo ya volkano pembeni, chini kabisa hifadhi ya Queen Elizabeth imetanda, daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, viboko wamelala, mbele kidogo alama ya ikweta. Na kushoto, kama mawingu yakikuhurumia, ndo milima. Sisi tuliona weusi tu chini na juu mawingu, shemeji akasema zoea.

Kasese yenyewe ni joto balaa, iko chini, na ndo mahali pa mwisho pa kufanya manunuzi na kutoa hela. Kule tunakoanzia usitegemee benki, toa hela zote hapa pamoja na za tipu, na ziwe noti ndogondogo.

Sasa gambuti. Rwenzori unatembea na gambuti, zilezile za kulimia mpunga, sio buti za ngozi za laki tatu. Tulizunguka maduka matatu na mambo ya kuangalia ni haya: vaa soksi zako mbili, ile nyepesi ndani na nzito nje, ndo ujaribu. Kisigino kisipande ukitembea. Shingo ya gambuti ifike chini kidogo ya goti isikukate kwa nyuma ukipiga hatua ndefu. Soli iwe na meno ya kina, kuna zingine laini chini kama sahani, hizo zitakuangusha kwenye jiwe la kwanza. Halafu tembea nazo mtaani jioni nzima, watu watakucheka na hakuna mvua, we tembea tu, kama kuna mahali panakwangua utapajua leo sio keshokutwa.

Vingine tulivyonunua hapa: glovu ngumu za kazi kwa ajili ya kushika kamba na ngazi zilizolowa, magunia ya nailoni, na mifuko mizito ya takataka ya kuwekea nguo ndani ya begi. Kile kifuniko cha mvua cha juu ya begi hakitoshi, maji yanaingia mgongoni. Kila kitu kinachotakiwa kubaki kikavu (slipingi begi, sweta la usiku, soksi za kulalia, pawabenki) kiko ndani ya mfuko uliofungwa ndani ya mfuko mwingine uliofungwa. Tende, karanga na kashata tulitoka nazo nyumbani.

JUMATATU, Nyakalengija – Nyabitaba

Kuna njia mbili kubwa. Moja inaanzia Kilembe, kwenye ule mji wa zamani wa mgodi wa shaba, nyingine inaanzia Nyakalengija na ndo ile ya zamani inayozunguka katikati. Ya Kilembe inachukua siku nyingi zaidi, sisi tumeenda na ya katikati kwa sababu ya likizo.

Kwenye ofisi ya kampuni inayokupandisha usikubali kuharakishwa. Kama unaenda mpaka kileleni kuna barafu, na kwenye barafu gambuti haifai, unahitaji buti ngumu inayokubali kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini. Kwa hiyo unabeba viatu aina mbili. Shemeji alitulazimisha kukaa chini palepale sakafuni ofisini, vaa buti ya kukodi, funga kramponi, simama, piga teke. Ya kwangu ilichomoka teke la pili. Wakaleta nyingine, ikachezacheza, ya tatu ndo ikashika. Fikiria hilo ungeligundua saa tisa usiku mita 4,600 na vidole havina hisia! Jaribu pia ile mikanda ya kiunoni ya kufungia kamba juu ya nguo zako nene zote, na tochi ya kichwani hakikisha ina betri za akiba.

Swali lingine la kuuliza hapo: waongozaji wangapi? Sisi tulikuwa watatu na tulilipia wawili. Mwanzoni mtu wa ofisini alitaka kutupa mmoja, shemeji akauliza kwa upole, mmoja wetu akishindwa anashuka na nani? Ikaisha hapo.

Timu nzima ni Wakonzo, watu wa hukuhuku mlimani, na kwa kuwa Kongo ni pale tu nyuma Kiswahili wengi wanacho, kina ladha ya Beni na Butembo lakini tunaelewana vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mwendo wa leo ni kutoka mita 1,646 mpaka kibanda cha Nyabitaba, 2,651. Unapita mashamba ya watu, kahawa, migomba, watoto wanapunga, unaingia hifadhi, mto Mubuku unaunguruma kulia, halafu kilima kimoja cha jua chenye magugu kinachokata pumzi. Usiku sokwe walikuwa wanapiga kelele huko msituni. Mvua haijanyesha. Waongozaji wanasema Julai ndo afadhali, Julai na Agosti, na ile Desemba mpaka Februari. Afadhali, hawajasema kukavu.

JUMANNE, Nyabitaba – John Matte

Imenyesha.

Unashuka kwanza mpaka daraja la Kurt Shafer pale mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, kisha mianzi, mawe makubwa yenye ukungu, mizizi, saa nzima unaangalia mguu wako tu. Fimbo mbili, sio moja. Baada ya kibanda cha Nyamileju unaingia kwenye msitu wa miti imevaa ndevu, kila tawi lina mimea laini ya kijani kama sufi inachuruzika maji, na unakanyaga juu ya mizizi huku chini kuna shimo. Kibanda cha John Matte kiko 3,505.

Jambo la soksi. Ukifika, kabla hata ya chai, vua kila kilicholowa na vaa zile nguo za usiku zilizo kavu, na zile nguo za usiku usitoke nazo nje asubuhi hata kama roho inakuuma kurudi kwenye suruali ya baridi na maji. Shemeji anaita sare, sare ya mvua na sare ya kitanda, hazichanganywi. Soksi za mchana zikamue, ziweke tumboni ndani ya slipingi begi, asubuhi zinakuwa na unyevu tu. Ukizianika kwenye kamba nje unazikuta zimeongeza uzito.

JUMATANO, John Matte – Bujuku

Hapa ndo pale kwenye picha zote, kinamasi cha Bigo. Kuna sehemu wamejenga njia ya mbao, zingine unaruka kutoka kichuguu cha nyasi mpaka kichuguu, na ukikosa unazama mpaka goti au zaidi. Mbinu tuliyofundishwa: chomeka fimbo kwanza, kama inazama mpaka katikati hapo usikanyage, lenga shina la nyasi lenyewe sio pembeni yake, na mguu ukinaswa usivute kwa nguvu kwenda juu maana gambuti inabaki na mguu unatoka na soksi. Zungusha kisigino taratibu upepo uingie chini ndo utoe. Dada alinaswa katikati, mbebaji mmoja alirudi akiwa na begi kubwa kichwani, akamshika mkono, akamwambia pole pole mama, zungusha, zungusha, ikatoka na mlio wa aibu tukacheka wote.

Ila uzuri wake sasa. Mimea ya lobelia imesimama juu kuliko mtu, na ile mimea ya senesio yenye majani makubwa na mashina mazito kama mti, ziwa Bujuku jeusi limetulia, na jioni mawingu yakafunguka dakika kumi tukaona milima ya Stanley (ndo yenye Margherita), Speke na Baker imetuzunguka pande tatu. Hii milima haikutokana na volkano kama ya kwetu, ni jabali zima lililoinuliwa pembeni ya bonde la ufa.

Mita 3,962. Kichwa kinaanza kugonga kidogo, maji lita tatu kwa siku, hata kama uko kwenye mvua na huna kiu. Dawa ya Diamox, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ongea na daktari nyumbani kabla ya safari, usiombe kidonge cha mtu huku juu.

ALHAMISI, Bujuku – Elena

Umbali mfupi, lakini ni kupanda tu, korongo la senesio, ngazi za chuma, kisha mawe matupu. Kibanda cha Elena kiko 4,541 na baridi yake ni ya kweli. Hapa ndo unaagana na gambuti kwa muda.

Tulikula mapema, uji na chai na viazi, tukajipima. Mimi kichwa kidogo. Dada alikuwa amepoteza hamu ya chakula na kichwa kinazidi, akatapika mara moja. Hakukuwa na mjadala mrefu, shemeji alimuuliza maswali kama nesi, kisha mwongozaji mkuu akasema kesho mama hapandi, na kama usiku ikizidi anashuka hatusubiri mwanga. Yeye mwenyewe alikubali bila kinyongo. Helikopta isiwe ndo mpango wako, mpango ni miguu ya watu kukushusha, kwa hiyo uamuzi unafanywa mapema. Na hapo ndo yule mwongozaji wa pili akaonekana thamani yake, bila yeye safari ya wote ingeishia hapa.

IJUMAA, Elena – Margherita – Kitandara

Saa nane usiku tumeamka, saa tisa tunatembea. Mawe yana barafu nyembamba, kisha uwanda wa barafu wa Stanley, tumefungwa kamba moja watu watatu, mimi, shemeji na mwongozaji mkuu, kila mtu anakanyaga alipokanyaga wa mbele. Unashuka tena kwenye mawe, unapanda barafu ya Margherita, kuna mahali unashika kamba iliyofungwa unajivuta na zile glovu za Kasese, asante glovu.

Barafu inaisha. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipofika hapa juu kwa mara ya kwanza na kukipa kilele jina la Malkia Margherita wa kwao, barafu za Rwenzori zilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 6, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishakuwa chini ya 1. Kwa kupanga safari maana yake ni kwamba njia inabadilika, nyufa zinafunguka, mawe yanabaki wazi pale ramani inaposema barafu. Usitumie maelezo ya mtu aliyepanda miaka mitano iliyopita, waulize kampuni hali ya njia mwezi huo.

Kileleni kuna kibao, upande huu Uganda, upande ule Kongo, na sisi tuliona ukungu mweupe wa nchi zote mbili. Picha, kashata, teremka.

Kushuka ndo kazi. Elena tumekunywa chai, tumevaa gambuti (nilifurahi!), tukaunganisha mpaka maziwa ya Kitandara, 4,023, tumefika jioni magoti yanalia. Dada tumemkuta amekaa nje ameshiba ugali, kichwa kimeisha, alishuka asubuhi na mwongozaji wake.

JUMAMOSI na JUMAPILI, Kitandara – Guy Yeoman – Nyakalengija

Watu wanafikiri baada ya kilele ni kuteremka tu. Asubuhi ya kwanza unapanda tena mpaka kwenye upenyo wa Freshfield, 4,282, halafu ndo matope ya kushuka, Bujongolo pale kwenye mwamba ambao ulikuwa kambi ya wale Waitaliano wa 1906, maporomoko ya Kabamba, mpaka kibanda cha Guy Yeoman. Kesho yake ni siku ndefu sana kama unataka kufika Nyakalengija moja kwa moja, wengine wanagawa wanalala Nyabitaba tena. Kama magoti yako sio ya shemeji, gawa. Na kwenye ratiba weka siku moja ya ziada isiyo na kazi, mvua ikiharibu usiku wa kilele uwe na pa kusogezea, tiketi ya basi la kurudi usikate kabla hujashuka.

Tipu tulishakubaliana tangu Kasese, kila mbebaji bahasha yake mkononi mwake, mbele ya wote, hatukumpa kiongozi agawe. Gambuti zetu tuliwaachia wabebaji waliotaka, na glovu pia. Nilibaki na kandambili, nikapanda boda mpaka Kasese nimelowa, dada kwenye boda ya pili anapiga simu Mbarara kuulizia kama kile chumba cha bei ya ndugu bado kipo.